Kula Vema kwa Mwenye Kisukari: Ni Shauri la Moyo au Ni Shauri la Nyumba?

Liko swali la zamani ambalo wenye hekima wamelijadili kwa karne nyingi, nalo ni hili: Mtu akiisha kujua lenye kumfaa na lenye kumdhuru, ni kitu gani kimzuiacho kulishika lenye kumfaa? Socrates wa Uyunani alikuwa akisema ya kwamba hapana mtu atendaye la kumdhuru hali ya kuwa analijua. Kila akoseaye amekosa kwa kutojua, basi akifundishwa ataongoka. Aristotle, aliyekuja baada yake, hakuridhika na jawabu hilo. Yeye aliona ya kwamba wako watu wajuao sana, na pamoja na kujua kwao hushindwa na matamanio yao. Sisi leo hatutaki kuyapima maneno ya watu hao wawili kwa vitabu. Twataka kuyapima kwa jambo lililoko jikoni mwetu, nalo ni mgonjwa wa kisukari na sahani iliyo mbele yake.

Mifano yetu tutaitwaa Nairobi, katika mitaa ya mashariki ya mji huo. Si kwa sababu Mombasa, Malindi na Lamu hazina wagonjwa, la. Bali ni kwa kuwa wengi wetu tuna jamaa huko, na kwa kuwa mambo ya kwetu huonekana wazi zaidi yanapokaa kando ya mambo ya wengine. Pumwani, na khasa sehemu yake iitwayo Majengo, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na nyumba zake za zamani zilijengwa kwa namna tuijuayo sisi: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma. Shauri Moyo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha Pangani kilipovunjwa na watu wake wakahamishwa. Kaloleni ukafuata katika miaka ya 1940. Watu wetu waliokwenda kukaa huko walikwenda na chakula chao: mahamri na mbaazi za asubuhi, wali wa nazi, pilau ya arusi, kaimati za Ramadhani. Wakakuta huko ugali wa unga mweupe, githeri, na chapati kwa ndengu. Na siku hizi wamezidishiwa viazi vya kukaangwa na soda katika kila pembe ya njia. Hivyo sinia ya Majengo imebeba utamu wa Pwani na shibe ya Bara pamoja.

Jina la mtaa wa Shauri Moyo latufaa sana katika mazungumzo haya. Kwani watu wengi, wakiulizwa habari ya mgonjwa aliyeshindwa kujizuia na sukari, hujibu ya kwamba hilo ni shauri la moyo wake: angetaka angeacha. Maneno haya ni mepesi ulimini, na ndani yake mna haki kidogo na dhuluma nyingi. Makusudio yetu ni kuonyesha ilipo haki hiyo na ilipo dhuluma hiyo.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Kisukari cha namna ya pili, ambacho ndicho kilichoenea zaidi kwa watu wazima, ni hali ya mwili kutoitii insulini kama ipasavyo. Insulini hutoka katika kongosho, na kazi yake ni kuitoa sukari damuni na kuiingiza katika viungo ipate kutumika. Mwili usipotii, kongosho hulazimika kutoa zaidi na zaidi, mpaka mwisho likachoka. Hapo sukari hubaki damuni. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliutaja ugonjwa huu katika kitabu chake cha Kanuni ya utabibu, basi si ugonjwa wa jana. Lakini fitina yake kubwa ni kwamba mwanzoni hauumi. Jino likiuma mtu hukimbia kwa tabibu usiku huo huo; sukari ikizidi damuni mtu hucheka, huuza, hununua, na huku mishipa midogo ya macho na ya figo yaharibika kidogo kidogo, na miguu yapoteza hisi, hata mtu akakanyaga msumari asijue mpaka aone damu. Miaka hupita, kisha hesabu ikaletwa yote kwa mara moja.

Ugonjwa wa namna hii wataka dawa, na pamoja na dawa wataka mtu ale kwa kiasi na kwa kuchagua, leo na kesho na mwakani, bila ya kuona malipo ya wazi kwa kila tonge aliloliacha. Hapa ndipo penye mtihani. Kuanza si kazi ngumu. Mgonjwa atokapo hospitali siku ya kwanza ana khofu, na khofu humpa hima. Hutupa sukari, hununua mboga, hutembea alasiri. Mwezi wa pili khofu hupungua. Mwezi wa nne huonja. Mwezi wa sita hurejea alipokuwa, na juu yake ana haya, hata kwenda kupimwa asitake.

Uchunguzi uliofanywa Uingereza na Uskochi, ambao khabari zake zilitangazwa mwishoni mwa mwaka 2017, umeonyesha jambo hili vizuri. Wagonjwa wa kisukari cha namna ya pili, chini ya uangalizi wa waganga, walipunguziwa chakula sana kwa miezi michache ili wapunguze uzito, kisha wakasaidiwa kurudi katika chakula cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja, 46 katika kila 100 walikuwa wamerudi chini ya kiwango cha kisukari bila ya dawa. Hilo ni jambo la kushukuriwa, na lavunja ile fikira ya kuwa mwenye ugonjwa huu hana la kufanya. Lakini baada ya miaka miwili waliobaki katika hali hiyo walikuwa 36 katika 100. Hao walikuwa watu walioandamwa na wauguzi, wakapimwa na kutiwa moyo. Basi itakuwaje kwa mtu wa Majengo aliyeambiwa maneno machache mlangoni, kisha akaachwa na nafsi yake?

Twasema ya kwamba kosa la kwanza ni kuitegemea hima. Hima ni mgeni mwema. Akija apokewe kwa furaha, lakini asikabidhiwe nyumba, kwani mgeni huondoka. Kinachokaa ni ada. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya kuizoeza nafsi, alieleza ya kwamba tabia njema hupatikana kwa kuvitenda vitendo vyake kwa kujilazimisha mpaka viwe vyepesi, kama atakaye kuwa mwandishi mwenye khati nzuri: hana budi mkono wake kuiga khati hiyo siku nyingi, mpaka mwisho iwe inatoka yenyewe bila ya taabu. Hakusema mtu angoje mpaka moyo upende ndipo atende. Alisema atende, na moyo utafuata.

Na wataalamu wa zama zetu wamelipima jambo hili kwa hesabu. Katika uchunguzi wa chuo kikuu kimoja cha London uliotangazwa mwaka 2010, watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kula, kunywa au mazoezi, wakalifanya kila siku kwa wakati ule ule, kama vile baada ya kustaftahi. Ilionekana ya kwamba kwa wastani zilihitajiwa siku 66 ndipo jambo lifanyike bila ya kushurutishwa. Wengine walihitaji siku 18 tu, na wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Na lililotupendeza zaidi ni hili: aliyeikosa siku moja hakurudi mwanzo. Ada yake iliendelea kujengeka. Basi na ajue hivyo yule aliyekula halua katika arusi ya jirani, akalala akijilaumu, na asubuhi akasema, "Nimekwisha haribu, kuna haja gani tena?" Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kuteleza ni tonge moja. Kukata tamaa ni sahani zote zinazofuata.

Sasa tuitazame ada hiyo itajengwa wapi. Tufikirie mama wa Majengo, wala si mtu fulani, bali ni mfano wa wengi. Huamka alfajiri, na chai imekwisha chemshwa katika sufuria moja: maji, maziwa, majani na sukari, vyote vimepikwa pamoja kwa ajili ya watu wanane. Mama huyu hana mahali pa kukataa sukari. Haikutiwa kikombeni mwake. Imo ndani ya sufuria. Ama anywe kama watu wote, ama akae bila ya chai, ama aombe apikiwe peke yake na aonekane mwenye makuu katika nyumba yake mwenyewe. Tufanye hesabu: kikombe chenye vijiko vitatu vya sukari, mara nne kwa siku, ni vijiko 12, nayo ni karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema ni bora mtu mzima, hata mzima wa afya, asipite kiasi cha gramu 25 za sukari ya kutiwa kwa siku nzima. Mama huyu amepita karibu maradufu kwa chai peke yake, kabla ya kugusa hamri.

Je, hapo ni moyo wake ulioshindwa? Sisi twaona ya kwamba iliyoshindwa ni sufuria. Na dawa ya sufuria ni nyepesi kuliko dawa ya moyo: chai ipikwe bila ya sukari, na sukari iwekwe kando katika bakuli, kila mtu ajitilie. Jambo hili halina gharama hata senti moja. Bali lapunguza gharama. Halimtengi mgonjwa, kwa kuwa wote wanywa chai ile ile. Na wala halitaki hima kila asubuhi. Lataka shauri moja likatwe siku moja. Hii ndiyo tofauti kati ya shauri la moyo na shauri la nyumba. Moyo hushindana kila siku upya. Nyumba hupangwa mara moja, ikamchukua mwenye kuchoka.

Na hili la sufuria ni mfano wa mengi. Katika desturi yetu alaye mara nyingi siye apikaye. Baba mwenye kisukari huletewa sinia, wala hajui imetiwa nini. Na mama mwenye kisukari hupika yanayopendwa na wengine, kisha akala yaliyobaki. Na sinia yenyewe tulaye pamoja, ambayo ni baraka na mapenzi, haina mpaka: hapana ajuaye amekula kiasi gani. Apikaye, basi, ameshika amana ya miili ya watu. Akijaza sinia wali mpaka ukingoni, na mboga akaiweka kidogo pembeni kama pambo, ameamua kwa niaba ya wote. Akigeuza, ikawa nusu ya chakula ni mboga, robo ni samaki, maharagwe au nyama, na robo ni wali au ugali, ameamua pia. Lakini ameamua kheri.

Kisha tuje katika ukarimu wetu, ambao twajivunia, na ambao katika jambo hili mara nyingine hugeuka kuwa adhabu. Mgonjwa aendapo kuzuru huwekewa soda na visheti. Akikataa huambiwa, "Onja kidogo tu, mwanangu, kidogo hakidhuru." Akishikilia huulizwa kama chakula cha nyumba hii hakimpendezi. Atoka hapo aenda nyumba ya pili, na huko nako ni kidogo tu, na katika hitima kidogo tu, na katika arusi kidogo tu. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Kila mwenyeji ametoa kidogo, na hapana hata mmoja ajionaye ana lawama, lakini mwili mmoja umebeba vidogo vyote. Sisi twauliza: Mgeni ametukuzwa kwa kupewa kinachomdhuru? Asili ya ukarimu ni kumtakia mgeni kheri, na wala si kumlazimisha. Nyumba iwekayo maji, karanga na tunda juu ya meza, ikamwachia mgeni khiyari yake bila ya kumuuliza maswali, hiyo ndiyo nyumba karimu.

Twajua ya kwamba wako watakaotujibu. Wa kwanza atasema, "Maneno haya ni ya wenye mali. Mtu wa kibarua wa Gikomba hula alichokipata." Neno hili lina haki, wala hatulipuuzi. Penye njaa hakuna uchaguzi mwingi, na vyenye kushibisha kwa bei nafuu ndivyo vyenye wanga mwingi. Mwenye kumlaumu mtu wa namna hiyo amemdhulumu. Lakini si kweli ya kwamba kila lifaalo ni ghali. Sukuma wiki, mchicha, managu na kunde huuzwa mafungu katika kila mtaa. Ndengu, maharagwe na omena si vyakula vya matajiri. Mahindi yasagwayo kinuni, yasiyokobolewa, yana makapi yake ambayo huizuia sukari isipande kwa ghafula, nayo ni afadhali kuliko unga mweupe wa dukani. Na maji ni rahisi kuliko soda daima. Tena yako mambo ambayo si ya kununua bali ni ya kupunguza, na kupunguza hakuhitaji fedha.

Wa pili atasema, "Mkilifanya shauri la nyumba, mwamwondolea mgonjwa dhima yake, na mwamfanya mtoto mdogo." Hili ni jibu zito zaidi. Nasi twasema ya kwamba dhima haikumwondokea. Mwili ni amana aliyopewa yeye, na yeye ndiye wa kuulizwa kwayo kwanza. Yeye ndiye wa kumeza dawa, wa kupimwa, na wa kusema kweli juu ya alichokila. Asijifiche pia, mficha maradhi kilio humfichua, na jamaa hawawezi kulisaidia jambo wasilolijua. Lakini kuwa na dhima si sababu ya kuachwa peke yako. Mwenye safari ya miguu ndiye wa kutembea, wala hapana atembeaye kwa niaba yake, hata hivyo aliyemtupia miiba njiani hawezi kusema, "Kutembea ni kazi yako."

Na kuhusu kumfanya mtoto, twaonya sisi wenyewe na wenzetu. Yako majumba ambamo mgonjwa hupelelezwa: kila atiapo mkono sahanini macho yote humwangalia, na binti humkemea mamake mbele ya wageni. Huku si kusaidia. Mtu mzima akivunjiwa staha yake hula kwa siri, na alaye kwa siri hula kwa pupa. Kanuni yetu ni nyepesi: kibadilishwe chakula, asichungwe mtu. Kilicho kibaya kisiletwe mezani kila siku, na kilicho mezani mtu ale kwa heshima yake.

Wa tatu atasema ya kwamba ajali imekwisha kuandikwa, basi sukari haina la kuongeza wala kupunguza. Mtu huyu tumemwona akivuka njia ya Jogoo, na hatukumwona akivuka kwa kufumba macho. Hutazama kulia na kushoto, na gari likija hungoja. Na atazame sahani kama atazamavyo njia.

Hatuwezi kumaliza bila ya kuutaja mwezi wa Ramadhani, kwani ndio mwezi ambao mgonjwa hutatizika zaidi. Sharia imempa mgonjwa rukhsa ya kutofunga, na rukhsa hiyo si aibu. Wako wawezao kufunga kwa salama, na wako wasioweza, na tofauti yao haijulikani kwa ushujaa bali kwa kupimwa. Miongozo ya waganga yataka mgonjwa amwendee tabibu wiki 6 mpaka 8 kabla ya mwezi kuandama, ili dawa na nyakati zake zipangwe. Kujidunga kidole kupima damu hakufunguzi. Na mwenye kutumia insulini, au baadhi ya vidonge vyenye kushusha sukari, aweza kushukiwa na sukari mpaka akatoka jasho, akatetemeka na akachanganyikiwa. Hapo sharti afungue mara moja, na sukari ile ile iliyokatazwa huwa ndiyo dawa ya saa hiyo. Jamaa wa nyumba wayajue haya, kwani mwenyewe huenda asiwe na akili ya kujisaidia. Na ikifika magharibi, futari isiwe kisasi cha mchana kutwa.

Basi tumerudi kwa wale wenye hekima wawili. Socrates alisema kujua kwatosha, na mgonjwa wetu amemshuhudia kuwa hakutoshi. Aristotle alisema nafsi yahitaji mazoea, na mazoea hulelewa na watu pamoja na taratibu zao. Hili ndilo tulionalo katika ukumbi wa Majengo kama katika ukumbi wa Kibokoni. Anayesoma maneno haya huenda si mgonjwa. Lakini ni mwana wa mgonjwa, au mke, au mume, au jirani, au mwenyeji wa arusi ya wiki ijayo. Hatumwombi jambo kubwa. Twamwomba, chai ya kesho asubuhi iteleke bila ya sukari, na bakuli liwekwe kando.